Mnyoo mmoja, bahari tatu?

Swali: "Shikamoo daktari. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Tanga. Bamvua iliyopita niliwapeleka wanafunzi mwambani, maji yalipokupwa. Mmoja akapindua jiwe, akamshika mnyoo wa rangi ya machungwa iliyofifia, urefu wa kiganja, ana nywele nyeupe ubavuni kote. Vidole vilimwaka mpaka jioni. Programu ya simu ikatuambia ni *Eurythoe complanata*, na ramani yake ina vitone kuanzia Karibi na Brazil, Bahari ya Shamu, hapa kwetu, mpaka Australia. Mnyoo anayetambaa chini ya jiwe alifikaje kote huko? Na je, ana undugu na minyoo wa chambo tunaowachimba kwenye tope la mikoko? Mjomba wangu mvuvi anasema wote hao ni tandu wa baharini. Nilimbishia, lakini hoja sikuwa nayo."

Marahaba, mwalimu. Mpe pole kijana wako. Nitaanza na vidole vyake, ramani itasubiri, maana hizo nywele ndizo zitakazotupeleka kwenye mengine yote.

Minyoo wengi wa baharini wana vinywele vya khitini, ambayo hupatikana pia kwenye gamba la kaa, kwa hiyo kinywele kikiguswa kinapinda na kurudi. Familia ya huyu wenu, Amphinomidae, ina vinywele vyenye chokaa. Hivyo havipindi. Vinaingia kwenye ngozi na kukatikia humo humo kama vipande vya kioo, na ukiviweka chini ya darubini utaona baadhi yake vina meno yaliyogeuka nyuma kama chusa. Ndiyo maana kusugua ni kosa, unavizamisha tu. Chukua selotepu au plasta ya kunata, ibandike, ibandue, rudia kwa kipande kipya mpaka uone hakuna kinachotoka, halafu pakaa siki. Vikiingia jichoni, au mkono ukivimba kupita kiasi, nenda hospitali. Mwaka 2008 wanakemia wa Japani walieleza kemikali waliyoitoa kwa mnyoo huyu, wakaiita komplanini, na walionyesha kuwa inaamsha uvimbe. Mimi nilijifunza haya kwa njia mbaya, usiku mmoja, nikitafuta kalamu iliyoanguka ndani ya ndoo ya sampuli. Kwa siku mbili niliandika kwa mkono wa kushoto.

Sasa mjomba. Usimcheke, ana wenzake wakubwa. Tandu na mnyoo wako wote wamekatwa pingili pingili, na kila pingili ina kitu kama mguu kila upande. Georges Cuvier, Mfaransa aliyekuwa jabali la elimu ya wanyama mwanzoni mwa karne ya 19, aliwaweka katika kundi moja kwa sababu hiyo hiyo, na vitabu vikaendelea hivyo kwa zaidi ya miaka 150. Hoja uliyokuwa huna ni hii. Mguu wa tandu una viungo na gamba gumu, naye akitaka kukua lazima ajivue gamba. Mguu wa mnyoo hauna kiungo hata kimoja. Ni kasia laini la nyama lenye kifungu cha vinywele ncha yake, na mnyoo hajivui gamba kwa sababu hana la kujivua. Katika miaka ya 1990 vinasaba vikakata shauri: tandu, kaa na wadudu wakakutwa upande mmoja na minyoo duara, wote wakiwa wanyama wanaojivua. Minyoo wa pingili wakakutwa upande wa pili, karibu na chaza, konokono na pweza. Mwambie mjomba kwamba huyo anayemwita tandu ana undugu zaidi na pweza anayemtafuta shimoni. Sidhani atakubali, lakini angalau hoja itakuwa yako.

Tuje kwenye swali la undugu na minyoo wa chambo, kwa sababu jibu lake linashangaza hata wanaofanya kazi hii.

Linnaeus, katika orodha yake ya 1758, alikuwa na kapu moja aliloliita Vermes, yaani minyoo, ambamo alitupia karibu kila mnyama laini asiye na mifupa, pamoja na konokono na chaza wenyewe. Kazi ya waliomfuata ilikuwa kulipunguza lile kapu. Mwaka 1850 Mjerumani Eduard Grube aliwatenga minyoo wa pingili wenye vinywele vingi akawapa jina Polychaeta, ambalo maana yake ni hiyo hiyo, "wenye nywele nyingi". Kwa Kiswahili tunaweza kusema poliketa. Wenzao wenye vinywele vichache, kama nyungunyungu wa shambani, na wasio navyo kabisa, kama ruba, wakawekwa kando. Mwaka 1866 Quatrefages wa Ufaransa akawagawa poliketa mafungu mawili: Errantia, watembezi, wenye macho, taya na makasia ya kutambalia, na Sedentaria, wakazi, wanaokaa ndani ya mirija au mashimo na kutoa nje minyiri ya kukamatia chakula. Mgawanyo huo unaeleweka hata kwa mtoto aliyeinama mwambani, na ndiyo maana ulidumu.

Uliachwa kwa muda. Kristian Fauchald, mwanasayansi wa asili ya Norway aliyefanya kazi Marekani, alitoa mwaka 1977 ufunguo, yaani kitabu cha maswali ya hatua kwa hatua ya kumtambulisha mnyama, wa familia zote za poliketa ambao sisi wa kizazi changu tuliutumia mpaka kurasa zikalegea, na ndani yake mafungu ya Quatrefages hayamo. Alikuwa na haki, kwani kutembea na kukaa ni tabia, na tabia inaweza kuzuka mara nyingi kwa wasio ndugu. Kisha mwaka 2011 uchunguzi wa vinasaba vingi kwa pamoja ukayarudisha mafungu yale yale mawili, ingawa baadhi ya minyoo walihamishwa kutoka fungu moja kwenda jingine. Nyungunyungu na ruba wakatokeza ndani ya Sedentaria! Yaani wale waliotengwa mwaka 1850 kwa kuwa hawana nywele nyingi walikuwa watoto wa nyumba hiyo hiyo, waliohamia kwenye maji baridi na udongo na kupoteza nywele njiani. Hivyo jina poliketa leo si jina la ukoo. Tunalitumia kama mvuvi anavyotumia neno samaki, kwa kuwa linafaa kazini na kila mtu anajua unasema nini. Spishi zilizopewa majina ni zaidi ya 11,000.

Na mnyoo aliyemchoma mwanafunzi wako? Hayumo katika fungu lolote kati ya hayo mawili. Mwaka 2014 ilionekana kwamba Amphinomidae wamechipuka chini zaidi kwenye mti, kabla watembezi na wakazi hawajaachana, na jamaa zao wa karibu ni Sipuncula, wale minyoo wasio na pingili wala nywele wanaokunja pua yao ndani kama soksi. Minyoo wako wa chambo, kwa upande mwingine, ni watembezi halisi. Ukichimba tope la mikoko ukapata mnyoo mrefu, mwekundu wa damu, mwenye taya nyeusi, huyo kwa kawaida ni wa familia Eunicidae, jenasi *Marphysa*. Ukipata mfupi zaidi, wa kijani au kahawia, anayetoa taya mbili kama mkasi ukimbana shingo, huyo ni wa Nereididae. Familia zote hizo mbili ni Errantia. Sasa weka mambo pamoja: mnyoo wa chambo yuko karibu zaidi na nyungunyungu wa bustani yako ya mchicha kuliko na yule mwenye nywele nyeupe mnayemkuta naye pwani moja, siku moja, kwenye ndoo moja. Nywele zilitudanganya.

Kwa hiyo ndiyo, ni ndugu, lakini wa mbali mno.

Ramani sasa. Nilivyosoma swali lako niliona hukukubali kirahisi kwamba mnyama anayetambaa chini ya jiwe yuko bahari tatu, na shaka hiyo ilikuwa sahihi. Ramani ile haikuonyeshi alipo mnyoo. Inakuonyesha mahali ambapo watu wameandika jina lake. Tukifuata historia ya jina utaona jinsi vitone vilivyosambaa.

Jina *complanata* lilitolewa mwaka 1766 na Peter Simon Pallas, mwanasayansi wa Berlin ambaye baadaye alifanya kazi Urusi, kwa mnyoo aliyetoka Karibi. Savigny, aliyekwenda Misri na msafara wa Napoleon, alimwelezea mwenye nywele kama hizo wa Bahari ya Shamu akampa jina lake mwenyewe, *alcyonia*. Jenasi *Eurythoe* iliundwa mwaka 1857 na Kinberg wa Sweden. Katika karne ya 19 kila msafara uliorudi Ulaya na chupa za minyoo ulizaa majina mapya, kwa kuwa mtu wa Paris hakuwa ameona chupa ya mtu wa Stockholm. Baadaye wataalamu waliokaa makavazini wakilinganisha walichoka na utitiri huo. Walipanga minyoo mezani, wakahesabu vinywele, wakaona hawatofautiani, wakayafuta majina yote wakabakisha la kwanza kwa umri. Kwa sheria za kutaja wanyama, la kwanza ndilo linaloshinda. Hivi ndivyo mnyoo wa Karibi alivyopata pasi ya kusafiri dunia nzima bila kutoka chini ya jiwe lake.

Halafu vikaja vitabu vya kutambulisha. Kwa pwani yetu hakuna kilichotumika kama kile cha J. H. Day cha 1967 kuhusu poliketa wa kusini mwa Afrika, mabuku mawili, moja la watembezi na moja la wakazi. Ni kazi kubwa sana na bado ninayo mezani. Lakini ufunguo una tabia moja: ukiuliza, lazima ujibu. Ukiwa na mnyoo wa Tanga asiye na jina, ufunguo hautakuambia "huyu hajaandikwa". Utakupeleka hatua kwa hatua mpaka jina la jirani yake wa karibu, nawe utaliandika kwenye lebo ukiwa na amani moyoni. Kitone kingine kimeongezeka kwenye ramani.

Ninajua kwa sababu nilifanya hivyo. Nilipoanza kazi, kila mnyoo mwekundu wa tope la mikoko nilimwandikia *Marphysa sanguinea*, msimu baada ya msimu, kwa mwandiko mzuri kabisa. *Marphysa sanguinea* alielezwa na Montagu mwaka 1813 kutoka pwani ya Devon, Uingereza, kwenye miamba na maji ya baridi. Ni nani alinishawishi kwamba mnyoo huyo huyo anaishi kwenye tope la mikoko lenye joto la kuchemsha miguu? Hakuna, ni mazoea tu, jina lilikuwa limeandikwa kila mahali. Siku moja mgeni akaniomba nimwonyeshe vinywele vya kati ya mwili kwa ukubwa wa juu wa darubini. *Sanguinea* ana baadhi ya vinywele vyenye kiungo: shina, halafu jani jembamba lililokaa juu yake, kama mguu wa panzi ulivyokunjika gotini. Nikasogeza kioo huku na huku. Hakuna kiungo. Pingili ya pili, hakuna. Vinywele vyote vilikuwa vizima toka mwanzo hadi ncha. Mnyoo wangu alikuwa *Marphysa mossambica*, aliyepewa jina mwaka 1854 na Wilhelm Peters kutokana na safari yake ya Msumbiji katika miaka ya 1840. Jina la nyumbani lilikuwepo kwa zaidi ya karne, nami nikawa naazima la Devon. Nilitumia likizo nzima kubandua lebo.

Si mimi peke yangu. *Sanguinea* aliandikwa kutoka karibu kila pwani ya dunia mpaka wenye kazi waliporudi Uingereza, wakamweleza upya mwaka 2003 kwa sampuli ya kule kule alikotoka, na tangu hapo spishi nyingi mpya zimetolewa ndani ya kapu lake. Kabla ya hapo, mwaka 1976, mume na mke Grassle wa Marekani walimchunguza *Capitella capitata*, mnyoo mwembamba mwekundu anayejaa kwenye tope lenye uchafu, ambaye watu walimtumia kama kipimo cha uchafuzi popote duniani. Walikuta si mmoja, ni spishi sita zinazofanana kwa macho, lakini zinatofautiana kwa mayai, kwa msimu na kwa namna ya kulea watoto.

Na *Eurythoe* mwenyewe? Mwaka 2010 watafiti walilinganisha vinasaba vya sampuli za Atlantiki na za Pasifiki zilizokuwa zikiitwa *complanata*. Zikagawanyika mafungu yasiyopungua matatu: mawili ya Atlantiki, moja la Pasifiki. Bahari ya Atlantiki na Pasifiki zilitenganishwa na shingo ya nchi ya Panama takriban miaka milioni 3 iliyopita, na pande hizo mbili zimekuwa zikiishi mbalimbali tangu wakati huo. Ukitazama kwa jicho hilo, wazo la kwamba mnyoo wa Tanga ni yule yule wa Karibi linakuwa zito sana kubeba. Kutoka Karibi kuja kwetu kwa njia ya bahari kuna kizuizi kingine, maji baridi ya Benguela kwenye pwani ya magharibi ya kusini mwa Afrika, ambayo mnyama wa maji ya joto havuki kirahisi. Huenda siku moja jina la Savigny la Bahari ya Shamu, lililofutwa na waliokaa makavazini, likafufuliwa kwa ajili ya huyu wetu. Huenda likatokea jina jipya. Atakayeamua ni yule atakayelinganisha minyoo wa pwani hii na wa Suez.

Usichukue haya ukaenda kuwaambia wanafunzi kwamba hakuna mnyoo anayesafiri. Wapo. *Hydroides elegans*, mkazi anayejenga mrija mweupe wa chokaa, alielezwa mwaka 1883 kutoka bandari ya Sydney, na leo yuko kwenye bandari za maji ya joto duniani kote. Tofauti yake na *Eurythoe* ni kwamba tunajua chombo alichopanda. Anaganda chini ya meli kwa wingi mpaka meli inakuwa nzito na kula mafuta zaidi. Kama kuna jahazi limepandishwa ufukweni karibu nawe likisubiri kukwanguliwa, pitisha kidole taratibu kati ya mbao na chaza wadogo. Vile vijirija vyeupe vilivyojisokota kama chaki iliyopondwa vina nafasi kubwa ya kuwa vya jamaa zake. Mwenzake *Ficopomatus enigmaticus* alipata jina la spishi lenye maana ya fumbo kwa sababu mwaka 1923 Fauvel alimwelezea kutoka mfereji wa Caen, Ufaransa, ambako hakuna aliyekuwa amemwona kabla, na ilionekana wazi kwamba hapo si kwao. Anayesafiri kweli huacha alama za safari: bandari, meli, tarehe aliyoonekana mara ya kwanza.

Ipo pia safari isiyohitaji meli. Poliketa wengi hutaga mayai majini, na mabuu yao, vidude vidogo vyenye mikanda ya nywele za kuogelea, huelea kwa siku kadhaa au wiki kadhaa kabla ya kutua. Kwetu mkondo mkubwa unatoka mashariki, unapita kaskazini ya Madagaska na kugonga pwani karibu na mpaka wa Tanzania na Msumbiji. Hapo unagawanyika, tawi moja linashuka Mlango wa Msumbiji na jingine linapanda kaskazini, kupita Mafia, Unguja, Pemba na kwenu. Wakati wa kusi tawi hili linakazana mpaka Somalia. Wakati wa kaskazi maji ya Somalia yanageuka na kuja kusini, mikondo miwili inakutana usawa wa Kenya, na maji yanasukumwa nje kuelekea mashariki. Kwa hiyo buu lililozaliwa Tanga katika kusi na lililozaliwa katika kaskazi hayaendi mahali pamoja. Mabaharia wa majahazi walilijua hili kwa vyombo vyao. Minyoo wanalifuata bila kupanga. Mimi ningetarajia minyoo wetu wawe na ndugu zao wa karibu visiwani na mashariki ya Bahari ya Hindi kabla ya kuwatafutia ndugu Brazil. Kumbuka pia kwamba si wote wanaotoa mabuu ya kuelea. Wale wenye mrija mdogo mweupe uliojikunja kama konokono juu ya jani la nyasi bahari, Spirorbinae, huyalea mayai yao wenyewe, na mtoto huweza kutua karibu na mama. *Eurythoe* ana mtindo wake mwingine: akikatika vipande, kipande kinaweza kuota kichwa na mkia. Mvuvi anayemkata kwa hasira na kumtupa hajamwondoa, anaweza kuwa amewaongeza.

Kama vitone vya pwani yetu ni vichache kwenye ramani, sababu ni hiyo hiyo: vinafuata nyayo za watu. Franz Stuhlmann alikusanya minyoo upande huu mwaka 1888 na 1889, na Ehlers wa Göttingen akawaelezea mwaka 1897. Kisha akaja Cyril Crossland, Mwingereza aliyekusanya Unguja na pwani ambayo leo ni ya Kenya mwaka 1901 na 1902, na matokeo yake kuhusu poliketa yakachapishwa London mwaka 1903 na 1904. Sir Charles Eliot, kamishna wa Uingereza wa Afrika Mashariki wakati huo, alikuwa yeye mwenyewe mtaalamu wa konokono wa bahari wasio na gamba. Ni vigumu kumfikiria kamishna yeyote wa siku hizi akipindua mawe bamvua. Crossland alimpa heshima kwenye mnyoo wa mrija, *Phyllochaetopterus elioti*, na jina hilo bado linatumika. Tangu hapo waliokuja ni wachache.

Mtawanyiko ambao wanafunzi wako wanaweza kuuona kwa macho, bila programu wala vinasaba, uko kwenye mita mia chache kati ya mikoko na ukingo wa mwamba. Siku ya bamvua anzeni juu. Kwenye tope jeusi linalonuka, *Marphysa* na mashimo yake. Mkishuka kwenye mchanga wenye nyasi bahari, tafuteni nyuzi nyeupe nyembamba zinazojivuta juu ya mchanga kama tambi zilizo hai. Ni minyiri ya Terebellidae, na mwenyewe yuko chini ndani ya mrija wa mchanga na vipande vya kombe. Chini ya mawe, *Eurythoe*, na Polynoidae waliofunikwa vigamba mgongoni ambao hudondosha vigamba hivyo wakisumbuliwa. Kwenye tumbawe hai, kule maji hayakauki, kuna *Spirobranchus*, koni mbili za manyoya za buluu, njano au nyekundu zinazotoweka ghafla kivuli chako kikipita. Programu yenu itamwita *giganteus*. Hilo nalo ni jina la Pallas la 1766, na mwenye jina ni wa Karibi. Huyu wetu ni wa kundi la *corniculatus*.

Jamaa zao wanaoishi mbali zaidi nitawataja tu, maana kila mmoja ni somo lake. *Riftia*, asiye na mdomo wala tumbo, mrefu kuliko mtu, anayeishi kwenye chemchemi za moto za sakafu ya Pasifiki zilizogunduliwa mwaka 1977, kwa miaka mingi aliwekwa kwenye faila, yaani kundi kuu la wanyama, yake mwenyewe kabla ya kukubalika kuwa poliketa. *Osedax*, aliyeelezwa mwaka 2004, hutoboa mifupa ya nyangumi kwenye kina cha karibu mita 2,900 huko California.

Mwisho, mwandike nini kwenye daftari la shule? Andikeni *Eurythoe* cf. *complanata*. Hizo herufi mbili, cf., maana yake ni "linganisha na": tumeona anafanana na huyu, hatujasema ni yeye. Nazithamini herufi hizo kuliko majina mengi yaliyonyooka. Mkimpata mwingine, mshikeni kwa kibano, mpigeni picha akiwa hai, kichwa kwa karibu, kwa sababu rangi hupotea siku ya kwanza. Mkateni kipande kidogo cha mkia mkitie kwenye spiriti kali isiyochanganywa na maji kwa ajili ya vinasaba. Formalini huviharibu, ndiyo sababu sampuli nyingi nzuri za zamani hazitoi jibu. Kilichobaki kiwekwe kwenye chupa ya pili. Ndani ya kila chupa, si nje, tieni karatasi yenye mahali, tarehe, alikutwa chini ya nini, na maji yalikuwa yamekupwa kiasi gani. Andikeni kwa penseli. Wino wa kalamu ya kawaida huyeyuka kwenye spiriti, na mnyoo asiye na mahali alikotoka hana faida kwa yeyote, hata akiwa na jina.